Karanga Chini ya Kibuyu

Wiki iliyopita, hapa Ihanja, nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani nimeona nyoka. Kumbe mjukuu wangu wa miezi kumi amefunua kipande cha kibuyu! Nilikuwa nimeweka karanga mbele yake, ingali na ganda lake, nikaifunika akiona. Mwezi uliopita nilipofanya hivyo aligeukia mambo mengine. Kwake kisichoonekana kilikuwa kimekwisha kabisa. Safari hii alikunja uso, akanyoosha mkono, akafunua. Nilirukaruka nikasahau na magoti yangu.

Hicho kilikuwa kipimo cha bibi yangu mzaa baba. Kila mtoto wa nyumba yetu alipimwa hivyo. "Akitafuta asichokiona," alisema, "ameanza kuwa mtu."

Mimi alinipima zaidi. Nilikuwa na miaka minne hivi tulipohamia kijiji cha ujamaa. Ilikuwa patashika! Lori lilikuja, na sisi watoto tulilizunguka tukilinusa, maana hatujawahi kuliona kwa karibu. Kuku wamefungwa miguu, vyungu vimefungiwa kwenye nyasi, baba mdogo anang'oa nguzo za tembe letu la udongo, kila mtu anaamrisha na hakuna anayesikiliza.

Tukafika, tukajenga, mawingu yakaanza kujikusanya. Ndipo bibi akaulizia mbegu yake ya uwele. Haipo. Uwele ule aliupokea kwa mama yake, na mwaka huo hatukuwa na mbegu nyingine ya kupanda. Walipekua kila kikapu. Bibi alijua kwamba asubuhi ya kuhama alikificha kibuyu cha mbegu ili kisivunjwe kwenye ile purukushani, lakini alikificha wapi? Kichwa kilikataa katakata. Nikamwona analia, jambo ambalo sikujua kama watu wazima wanaliweza.

"Mimi nilikuona," nikasema.

Baba mdogo akacheka. "Huyu? Hata jana kala nini hakumbuki!"

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," bibi akamjibu. Akanibeba mgongoni, tukarudi mahame, kule tulikohama.

Kuta zilikuwa zimesimama bila paa, jua limejaa mpaka kwenye kona walikokuwa wakilala ndama. Nikatazama, nikaona sikumbuki lolote. Lolote! Nikatamani kurudi mgongoni nijifiche.  Bibi aliniketisha pale pale nilipozoea kukaa anaposaga, karibu na jiwe la kusagia, akachokoa jivu la jikoni mpaka likanuka. Kisha akaniambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wa kike, "Mke mwenzangu, sasa ni asubuhi ile. Mimi napita hapa. Naenda wapi?"

Akapita. Na mimi, sijui nikueleze vipi, nikawaona bibi wawili! Wa leo, mikono mitupu, na wa siku ile, kibuyu kwapani. Mkono wangu ulionyesha kona ya ndama kabla mdomo haujapata maneno. Tukafukua. Chini ya samadi kavu kulikuwa na chungu kilichopasuka, na chini ya chungu, kibuyu kizima na mbegu zake zote! Bibi alipiga vigelegele peke yake pale mahameni, tukacheza mimi na yeye mpaka vumbi likatimka. Sijapata kucheza hivyo tena, hata siku ya harusi yangu.

Kaka zangu mpaka leo wananitania kwamba nilihadithiwa tu, eti mtoto wa umri ule hawezi kukumbuka. Waache waseme. Wao hawakunusa lile jivu.

Siku hizi pale kwenye tembe ni shamba la alizeti, na uwele ule simwoni mtu anayeulima. Bibi naye aliishi mpaka jina langu likamtoka. Mara ya mwisho kumwona nilimpa shikamoo, akaniitikia vizuri kama anavyoitikiwa mgeni. Iliniuma sana. Nikachukua karanga, nikaiweka mbele yake, nikaifunika kwa kipande cha kibuyu. Alikitazama kwa muda mrefu. Akafunua. Akaivunja ile karanga, punje moja akala yeye, na nyingine akanitia mimi mdomoni.