Hodan na Vitufe Viwili

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na kila ninapoisimulia huwa nachoka kabla sijafika katikati. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Galbet, Garissa, katika darasa dogo la watoto wenye mahitaji maalumu. Leo siinuki kwenye mkeka bila kushika ukuta, lakini siku hizo nilikuwa mwepesi, na wepesi ndio ulioniponza.

Msamaria mwema mmoja alituletea piano ndogo ya umeme, ya kuweka juu ya meza. Wapo wazazi ambao hawakutaka watoto wao waguse chombo cha muziki, nami niliwaheshimu. Wengine walikubali. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo mafupi, nikaambiwa piano humsaidia mtoto kwa mengi: vidole hupata nguvu, masikio hujifunza kutofautisha sauti, na asiyeweza kutulia hujifunza kutulia. Yote hayo ni kweli. Ila niliyapokea kama mtu anayepewa dawa asiulize inatumiwaje.

Hodan alikuwa na miaka sita. Hakuwa akisema hata neno moja, wala hakumtazama mtu machoni. Alitoka Buna, mbali kaskazini, na nyanya yake Habiba, tuliyemwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, wakakaa kwa jamaa hapa mjini kwa ajili ya darasa letu tu. Aliyeamua mambo yao ni adeer yake, yaani baba yake mdogo, na aliniambia waziwazi, "Muhula mmoja, mwalimu. Mtoto akionyesha kitu, atabaki. Asipoonyesha, nyanya yake anarudi kwa mifugo yake, na mtoto anarudi naye."

Nilidhani kitu ni wimbo. Nikaamua kwamba Hodan atacheza wimbo mmoja mzima mbele ya adeer yake. Nikabandika karatasi za rangi kwenye vitufe, nikamshika kidole, nikamwongoza: nyekundu, kijani, nyekundu. Kila asubuhi yeye alifanya jambo lile lile. Aligonga kitufe kimoja cha kushoto, chenye sauti nene, akagonga na cha kando yake, kisha akaondoa mkono na kutulia, kichwa ameinamisha. Kila asubuhi nami niliurudisha mkono wake kwenye rangi nyekundu. Ikafika mahali akawa analia akiiona tu piano. Nikaandika kwenye daftari langu: amekwama.

Muhula ulipobaki siku nne, Ayeeyo Habiba, ambaye kwa kawaida alikaa nje kwenye kivuli cha ukuta, aliingia akaketi sakafuni. Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akanisemesha kwa Kisomali, akiniita maalimad, yaani mwalimu wa kike.

"Maalimad, kumbe hii ndiyo biano?" Unajua p midomoni mwetu hugeuka b, na biyo kwetu ni maji. "Mlipokuwa mnamwita mtoto aje kwenye biano, mimi nilisikia biyo. Nikasema alhamdulillahi, wanamfundisha maji. Hiyo ndiyo shida ya Buna."

Nilicheka. Yeye alicheka kidogo tu.

"Na mbona humjibu?"

"Nimjibu nini, Ayeeyo? Hajasema kitu."

"Amesema mara tatu tangu niketi. Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa Galbet."

"Ndiyo maana. Maji yako yanatoka kwa bomba."

Akanieleza. Kule kwao, wakinywesha ngamia, mtu mmoja husimama chini kisimani na mwingine juu yake. Wa chini huimba kipande kifupi huku akiinua ndoo, kisha hunyamaza. Wa juu humwimbia jibu anapoipokea. Asipojibiwa, wa chini hungoja. Hodan alikulia karibu na watu hao, akichezea matope kando ya hori.

"Huyu hajakwama," alisema Ayeeyo. "Amekuimbia, anangoja uipokee ndoo. Muhula mzima umemwacha nayo mkononi."

Hodan aligonga viwili, akatulia. Safari hii sikumgusa. Niligonga viwili upande wangu, nami nikatulia. Ukimya ulikuwa mrefu, nikadhani nimechelewa. Halafu akagonga vitatu. Vitatu, mwanangu! Akageuka akanitazama machoni. Tulijibizana hivyo mpaka wenzake wakaenda kula. Siku ya tatu nilichelewa kumjibu makusudi, naye akasema "Haa!" kwa ukali, kama mtu anayemwamsha mwenzake aliyesinzia kazini.

Siku ya nne adeer yake alikuja. Nilimweleza yote, nikamwomba muhula mmoja zaidi. Alinisikiliza kwa heshima.

"Hayo mmeyaanza lini, mwalimu?"

"Siku tatu zilizopita."

"Na muhula wote huo?"

Wakaondoka kesho yake. Simlaumu. Yeye alitimiza neno lake. Mimi ndiye niliyeupoteza muda wa mtoto.

Nikiwaaga, Ayeeyo aliniambia, "Usilie. Sufuria ninazo." Miezi ikapita, akanipigia kwa simu ya jirani. Hodan anagonga sufuria, yeye anajibu kwa kikombe, na akichelewa kujibu mtoto anamwita: "Ayeeyo!" Nilifurahi, kisha nikakaa chini nikiwa nimechoka kabisa, kwa maana neno hilo lingeweza kutoka mapema, na mimi ndiye niliyelizuia.

Basi, mwanangu, ukimkalisha mwanao ambaye bado hasemi mbele ya piano, au mbele ya sufuria kama piano huna, mwache aanze yeye. Akigonga, msikilize mpaka amalize, kisha umjibu kwa kiasi chake, usimzidi. Halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, lakini ndiko kunakompa nafasi. Vidole vitapata nguvu, na nyimbo zitakuja kwa wakati wake. Linalotangulia ni mtoto kujua kwamba akitoa sauti, yuko mtu atakayeipokea. Na siku utakapochoka, maana utachoka, mwombe mwenzako akae mahali pako. Hakuna aibu katika hilo.

Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyo na haraka. Amfungue mwanao ulimi, na atakapokuita kwa mara ya kwanza, akukute uko karibu. Amin.