Samadari ya Kurwa na Doto

Habibu alimkuta dada yake kibarazani, ungo mikononi, anapepeta mchele uliotoka Ndungu. Alisalimia, akavuta kigoda akakaa, akazungumza habari za mvua na za watoto, akazunguka weee, mwisho akasema kilichomleta. Ukoo umekubaliana. Nyumba ya marehemu baba yao, mzee Abdulmajid, imepata mnunuzi, na vitu vya ndani vitapigwa mnada ili kila mrithi apate chake pasiwe na maneno.

“Hata samadari?” Kurwa aliuliza.

“Vyote, dada. Tukimtolea fulani hiki na fulani kile, hatutamaliza.”

Kurwa akaendelea kupepeta. Pumba zilimrukia Habibu kwenye kanzu, wala hakuzipangusa. Alijua anachokiuliza dada yake si kitanda tu.

Pale sokoni Same, Kurwa anajulikana kwa mchele. Tangu mumewe Salimu afariki, msimu wa mavuno huteremka mwenyewe Ndungu, akachagua magunia kwa kutafuna punje, akarudi nayo mjini. Amevuka sitini, ni mwembamba, mgumu wa bei, na kicheko chake si cha kila siku. Wageni hulisikia jina lake wakalichukulia kama jina jingine lolote. Wenyeji wa zamani tu ndio wanaomwita huku macho yao yakitafuta kando yake, kana kwamba kuna mwingine anayekuja nyuma. Kwa sababu yupo. Kurwa ana Doto.

Walizaliwa katika nyumba hiyo hiyo inayouzwa, kando ya barabara kuu, juu ya samadari ya bibi yao. Babu wa babu yao alifika chini ya milima hii na biashara ya misafara, akaoa, akakaa, na kila aliyemfuata aliongeza kitu ndani ya nyumba: kasha la njumu za shaba, saa ya ukutani, viti vya mpingo, hati za mashamba zenye mihuri ya Mjerumani. Lakini samadari ndiyo iliyotawala. Kitanda kirefu kwenda juu, miguu imekerezwa kama minara, kichwani nakshi za maua na vipande vya vioo. Mtoto hakuweza kukipanda bila kukanyaga kibago. Mapacha walilala humo mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule, wakipigana mateke na kucheka mpaka bibi awagombeze.

Sebuleni ilining’inia ramani ya kale iliyochorwa kwa mkono wa mpimaji wa Kijerumani. Milima ya Upare ilikuwa imetiwa vivuli vya kahawia, na majina ya vijiji yameandikwa kwa tahajia za ajabu zilizowachekesha. Kurwa alipenda kutafuta Same. Doto alipitisha kidole kuelekea mashariki hadi karatasi ilipoishia kwenye buluu, akauliza, “Na huku mbele?”

Huku mbele palikuwa na Maskati. Doto aliposwa na jamaa wa mbali wa ukoo, akaenda. Miaka ya mwanzo alituma kanda za kaseti. Kurwa aliweka kaseti kwenye redio ya baba, akapanda samadari, akasikiliza sauti iliyokuwa kama yake mwenyewe ikisimulia joto, watoto, na tende za aina aina. Naye alirekodi zake. Mara nyingine alisahau cha kusema akaiacha kanda izunguke, ili Doto asikie magari ya barabara kuu yakipita.

Kisha mama yao akafa, na Doto hakuja. Pasi ya kusafiria ilikuwa kwa mume, mume alikuwa safarini, hivi na vile. Kurwa, aliyekuwa ametoka kumwosha mama kwa mikono yake, alimsikiliza kwenye simu, akamwambia, “Basi kaa huko huko.” Doto alikaa. Namba zilibadilika, mwaka ukapita, na mwingine, na ukimya ukawa kitu kigumu ambacho hakuna aliyejua aanzie wapi kukivunja.

Aliyeyajua yote hayo ni Raheli, mwanamke wa Mamba, kule milimani, anayeuza tangawizi meza ya pili kutoka kwa Kurwa.

“Utakinunua?” Raheli alimuuliza.

“Nitajaribu.”

“Na utakiweka wapi? Chumba chako kitanda kile kitaingiaje?”

“Nitalala mlangoni.”

Raheli hakucheka. Siku ya mnada alifunika tangawizi yake kwa turubai, akamshika shoga yake mkono, wakaenda wote.

Uani palijaa. Kurwa alikuwa ameuza akiba yake ya mchele kabla ya bei kupanda, ili awe na kitu mkononi. Alisimama karibu na ukuta na kutazama nyumba ya baba yake ikitolewa nje kipande kipande. Dalali, mwanamume mnene aitwaye Anderson, alikuwa na sauti ya kuita watu toka mlimani. Kasha lilikwenda kwa mwenye hoteli. Saa ilikwenda kwa mtu aliyeifungua kwanza mgongo kuona kama mashine ni ya kweli. Hati za mihuri zilichukuliwa na bwana mmoja wa Moshi aliyevaa glovu nyeupe, na ndiye aliyechukua ramani pia. Aliizungushia karatasi laini, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Kurwa aligeuza uso.

“Samadari!” Anderson aliita. “Mvule mtupu, kazi ya mikono, hakuna msumari hata mmoja! Nani anaanza?”

Kurwa alianza. Watu wawili watatu walipandisha, wakachoka. Akabaki kijana mmoja mwenye simu sikioni, Anold, aliyenong’ona na simu kila Kurwa alipotaja dau, kisha akainua mkono.

“Anamnunulia nani?” Raheli alisema kwa hasira. “Mtu hata hajaja kukiona!”

Kurwa alipandisha. Anold akanong’ona, akainua mkono. Kurwa akapandisha tena. Anold akainua mkono. Watu waliacha mazungumzo yao. Habibu alikuwa amesimama barazani, anatazama chini.

“Mama, unaongeza?” Anderson aliuliza, safari hii kwa upole.

Kurwa alihesabu tena fedha zake kichwani. Hakuwa na cha kuongeza. Alitikisa kichwa.

“Mara ya kwanza! Mara ya pili! Imekwenda!”

Raheli alitaka waondoke. Kurwa alikataa. Alikata uwanja mpaka alipokuwa Anold, ambaye alikuwa anapiga picha nakshi za kitanda.

“Shikamoo, mama. Pole,” kijana alisema. “Tajiri wangu hakutaka kabisa kukikosa.”

“Marahaba, mwanangu. Sina ugomvi na tajiri wako. Mwambie naomba nikae juu yake kidogo kabla hujakifungua. Mwambie nilizaliwa humu.”

Anold alisita, kisha akasema kwenye simu, “Bosi, samahani. Kuna mama hapa, yule tuliyekuwa tunashindana naye. Anaomba akikalie kidogo. Anasema alizaliwa juu yake.”

Alisikiliza. Akaondoa simu sikioni akaitazama, akidhani imekatika. Kisha akairudisha.

“Anauliza unaitwa nani, mama.”

“Kurwa.”

Anold hakuhitaji kulirudia. Sauti iliyotoka kwenye simu ilisikika mpaka kwa Raheli, sauti ya mtu anayelia huku amejiziba mdomo. Kijana alimpa Kurwa simu kama kitu cha moto.

“Ni wewe?” Doto alisema. “Mimi nashindana na wewe?”

“Ni mimi.”

“Niliona picha zimetumwa kwenye kundi la Waswahili wa huku. Nikasema wameshakitupa, hakuna anayekitaka. Sikujua, Kurwa. Wallahi sikujua ni wewe.”

Kurwa alikaa pembeni mwa samadari. Miguu yake sasa ilifika chini bila kibago.

“Unakipeleka huko?”

“Nilitaka kukilalia,” Doto alisema. “Magoti yameharibika, siendi mbali. Watoto wananisemesha Kiarabu. Mume alishafariki. Nilitaka kitu cha kwetu ndani ya chumba.” Akavuta kamasi. “Lakini kama unakitaka kibaki, kibaki. Ni chako. Sema tu.”

Kurwa alipitisha kiganja juu ya ubao ulioliwa na migongo ya watu wote waliomtangulia. Alikitaka. Alikuwa hajakitaka kitu hivyo tangu awe mjane.

“Kichukue,” alisema. “Mimi nina barabara, nina soko, nina milima yote hii. Wewe huna kitu huko.”

Hakuna mtu pale mnadani siku ile aliyelia kama yeye. Raheli alimshika mabega.

Anold alipokuja na mafundi, Kurwa ndiye aliyesimamia ufunguaji. Aliwaelekeza miguu ifungwe mablanketi, vioo viwekwe juu, na kamba zisikatwe. Lori lilipoteremka kwenda bandarini, alisimama barabarani hata vumbi lake likaisha.

Sasa Ijumaa baada ya swala Doto hupiga simu. Wanasimuliana. Wakati mwingine mmoja huanza sentensi na mwingine akaimalizia, kisha wote wananyamaza, maana kuna mengi ya miaka ile ambayo hayana njia ya kuingia kwenye simu. Juu ya mama yao wamezungumza mara moja tu, wakalia, wakaacha.

Nyumba imebomolewa. Kurwa amepiga picha ya pasi ya kusafiria, na akina mama wa sokoni wakimuuliza anaondoka lini kwenda Maskati hujibu, “Nikitoka Ndungu, mavuno haya.” Mavuno yamepita, naye bado anajibu hivyo hivyo, huku anapepeta.