Baba na Skrubu za Taya Langu

Nilikuwa na miaka kumi na saba na sina kidevu. Nilipokuwa mdogo nilianguka kutoka kwenye mparachichi wa kwetu Igamba, nikatua kwa kidevu, na tangu siku hiyo taya la chini likagoma kukua. Mwenyewe nikarefuka, pua ikakua, meno ya juu yakakua, taya likabaki la mtoto wa miaka mitano. Shuleni waliniita Ndege. Niliwapiga wawili, waliobaki wakawa wananiita Ndege kwa mbali.

Jina halikuwa shida. Shida ilikuwa usingizi. Taya likiwa fupi, ulimi unakosa pa kukaa, unarudi nyuma na kuziba koo. Nilikuwa nakoroma nyumba nzima inasikia, halafu kimya, halafu nashtuka natafuta hewa. Baba alilala chumba cha pili. Akisikia kimya kimezidi, alikuwa anagonga ukuta kwa ngumi: "Mama, pumua." Kwetu baba humwita binti yake mama. Daktari alituambia wazi kwamba hali hiyo inazidi mwaka hadi mwaka, na ipo siku ukuta utagongwa na mimi sitaitika.

Huyo daktari alikuwa mama mmoja mwembamba, wa hospitali kubwa iliyokuwa safari ya nusu siku kwa basi. Alisema atakata mfupa wa taya kulia na kushoto, afunge vyuma vyenye skrubu ambazo ncha zake zitatokeza nje, chini ya taya. Tungesubiri siku chache, kisha kila asubuhi na kila jioni skrubu zingezungushwa mara moja kwa ufunguo mdogo. Vipande vya mfupa vingeachana kwa unene wa ukucha kila siku, na kwenye ule mwanya mfupa mpya ungeota.

"Unaota?" baba akauliza.

"Unaota, mzee. Ukivutwa haraka hauoti. Ukicheleweshwa, unashikana kabla taya halijafika tunapotaka, na hapo nitalazimika kumkata upya."

Baba alifurahi, maana kazi ya skrubu aliijua. Kuanzia Igamba mpaka Ruanda ya hukuhuku Mbozi, mashine ya kumenyea kahawa ikisumbua, anaitwa yeye. Baada ya upasuaji akazungusha mbele ya nesi siku tatu mfululizo bila kosa, mpaka nesi akasema mzee huyu angeajiriwa. Tukaruhusiwa kwenda nyumbani, turudi baada ya siku kumi.

Sasa nieleze kosa letu, na nasema letu kwa sababu na mimi nimo. Asubuhi ya kwanza nyumbani baba alizungusha, taya likavutika, machozi yakanitoka. Hospitali nilikuwa najikaza kwa sababu ya wagonjwa wengine. Nyumbani nijikaze kwa ajili ya nani? Baba akaniangalia, akatikisa kichwa, akarudisha ufunguo nusu. Mvuto ukalegea palepale. Jamani, raha niliyoisikia. Kila mkulima wa kahawa wa Mbozi anajua kwamba ukikaza mashine lazima urudishe kidogo, la sivyo inasaga mbegu. "Chuma nacho kinapumua," baba alisema, na mimi nikakubali kwa kichwa haraka sana. Ikawa ndiyo desturi yetu: anazungusha mzunguko mzima, anarudisha nusu.

Zile siku zilikuwa nzuri, sikatai. Nilikunywa uji na maziwa mpaka nikachoka, nikasamehewa kuchuma kahawa. Mama alikuwa anauza maharage sokoni Tunduma, mpakani na Zambia, akanichukua nimsaidie kupima. Wapakizi wa malori wakaziona zile ncha mbili chini ya taya. Mmoja akaniuliza, "Dada, hiyo redio yako inashika stesheni ya Zambia au ya kwetu?" Nikamjibu bila kufungua mdomo sana, "Inashika matangazo ya vifo. Kaa hapo, utasikia jina lako." Wenzake walimcheka mpaka akaacha gunia chini, na mama akauza maharage yote kabla ya saa sita.

Siku ya kumi tukarudi hospitali. Daktari akapima, akapima tena, akapiga picha ya mfupa, akakunja uso. Taya lilikuwa limesogea nusu ya alichotegemea. Akamwomba baba amwonyeshe anavyofanya. Baba akachukua ufunguo kwa mbwembwe za fundi, akazungusha, akarudisha nusu.

"Mzee, hiyo ya kurudisha umefundishwa na nani?"

Baba akaanza habari za mashine ya kahawa, kwamba haraka haraka haina baraka. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. "Polepole yote inayotakiwa nimeshaiweka mimi, mzee. Ukiongeza ya kwako, mfupa unafunga. Upande wa kushoto umeshaanza kuwa mgumu. Zungusha sasa hivi bila kurudisha. Huo upande ukikataa kwenda, kesho namrudisha chumba cha upasuaji."

Baba akaonekana mzee kweli. Mama, aliyekuwa amekuja nasi siku hiyo, akasema, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Lete huo ufunguo." Baba akampa. Nilijisikia vibaya mno, maana yale machozi yalikuwa yangu na ile raha pia ilikuwa yangu. Nikauchukua ufunguo mkononi mwa mama, nikaurudisha kwa baba. "Azungushe baba," nikasema. "Mimi ndiye niliyedeka."

Akazungusha. Upande wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukakataa kidogo, halafu nikasikia mfupa unaachia ndani ya kichwa changu, na nikalia kwa sauti bila aibu. Mkono wake ulianza kurudi. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaushikilia hapo.

Tangu siku hiyo alizungusha asubuhi na jioni huku akiimba wimbo wa kanisani, vibaya na kwa nguvu, ili asinisikie. Sauti ya baba ni adhabu nyingine. Majirani walidhani tumeokoka upya. Siku baada ya siku kidevu kikatoka, meno ya chini yakakutana na ya juu, na mama akaniambia kumbe nimefanana na shangazi yangu, jambo ambalo hakulifurahia hata kidogo. Skrubu zilipofika mwisho, vyuma vikaachwa miezi mitatu mfupa ukomae, huku kukoroma kukipungua kidogo kidogo, kisha daktari akavitoa.

Wiki moja baada ya kutolewa, mchana, nilijilaza kwenye mkeka uani baada ya kula, baba akiwa anageuza kahawa kichanjani. Nilishtuka ananitikisa mabega kwa nguvu zote, mikono yake imejaa maganda ya kahawa, analia.

"Baba, kuna nini?"

"Hukoromi," akasema. "Nimesikiliza, nimesikiliza, hukoromi."

"Nilikuwa nimelala tu, baba."

Akakaa chini kwenye mkeka, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Basi lala tena," akasema, "nikuangalie."