Sauti Mbili za Karani wa Masjala

Karani wa masjala, jirani yangu wa meza, ana sauti mbili. Ya kazini ni kavu: "Faili lako halijaonekana, njoo kesho." Ya biashara huitoa akiwa ameinama chini ya meza, simu sikioni, kama mtu anayetafuta kalamu: "Karibu mpenzi, keki yako tuweke limau au vanila?" Vidole vyake hunukia vanila hata anapokugongea muhuri. Sukari ya unga ikionekana kwenye sketi yake, husema ni chaki, ingawa ofisi nzima haina ubao.

Bosi ndiye aliyetangaza kwamba mwenye biashara pembeni achague moja. Juzi akatoka chumbani kwake simu sikioni, akiagiza keki ya mama mkwe wake, akaja akasimama mbele ya meza yetu.

"Dada, mbona nakusikia mara mbili?"

Karani akainuka taratibu kutoka chini ya meza, akakata simu, akamtazama bosi usoni.

"Mtandao huo, bosi," akasema kwa ile sauti kavu. "Keki yako bado. Njoo kesho."

Kesho yake bosi alikuja, akapanga foleni.