Swara wa Ukutani

Miaka ile ya tisini niliuza mazulia ya kutundika ukutani, sokoni Garissa. Yaliyopendwa zaidi ni ya swara: msitu mzito, kijito, majani ya kufika magotini, na swara wanne wakinywa maji. Wanne. Niliwahesabu mara mbili kila asubuhi, utadhani mmoja angekimbia kile kiangazi. Nje hakukuwa na jani.

Abti, kaka yake mama, alikuwa ameacha ng'ombe wake kumi na mmoja nje ya mji, akaja kuuliza habari za malisho. Kwa wafugaji habari hiyo haifanyiwi mzaha. Mtu akisema ameona majani, watu wanahama. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Alichuchumaa kando ya kibanda changu na glasi ya chai. Mke wa ofisa mmoja alikuwa akipapasa zulia.

"Uongo mtupu," mama yule akasema. "Nchi gani ina kijani hivi?"

"Uongo, mama? Ni hapo chini tu, Masalani. Mvua ya juzi. Ongeza kidogo uchukue mto na wanyama wake."

Akacheka. Abti hakucheka. Aliinuka, akalitazama zulia kwa karibu, akaniuliza kwa Kisomali, "Abti, Masalani? Una hakika?" Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, abti.

Mama yule alikuwa keshafungua mkoba.

"Nina hakika," nikasema. Nitamweleza baadaye, nilijiambia.

Nilipomaliza kukunja zulia, glasi ilikuwa chini, tupu, naye hayupo. Sikumfuata. Mteja mwingine alikuwa amefika.

Alirudi baada ya mwezi, na fimbo tu. Nilitazama nyuma yake. Nikatazama tena.

"Wote, abti?"

"Wa mwisho alianguka mto ukionekana. Maji yalikuwapo. Majani ndiyo hayakuwapo."

Nilitaka anitukane, nipate pa kuanzia. Badala yake alisimama mbele ya zulia jingine, swara wale wale wanne, akagusa pembe kwa ncha ya fimbo.

"Zina matawi, kama mti," akasema. "Mnyama wa huku hana pembe hizi. Mimi nilitazama majani tu." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyejikosea mwenyewe. "Niitishie chai, abti."

Nikaitisha chai. Yale maneno ya kumweleza baadaye ninayo mpaka leo.