Bega la Alimasi

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nimsikiapo mtu akijisifu kwamba ameishikilia nyumba yake peke yake.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaniota. Riziki, mke wa kaka yangu Alimasi, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mtoto amekataa kugeuka. Shangazi yetu Nyassa, aliyewazalisha wanawake wengi wa kilima chetu huko Fizi, alinawa mikono akasema kazi imemshinda. Apelekwe zahanati ya Baraka, kando ya ziwa. Barabara ilikuwa matope matupu, lori lisingeweza kupanda. Basi tukafunga blanketi kwenye mianzi miwili, tukapata kipoyi, tukateremka: wanne wamebeba, wengine tukifuata ili kuwapokea.

Wakati ule waliobebwa kwa kipoyi walikuwa wakubwa wa serikali, kwa hiyo vijana wakamtania mgonjwa.

"Riziki, leo weye ni bwana mukubwa! Sisi ni bapagazi bako."

"Basi mutembee vizuri, bapagazi," akajibu huku jasho likimtiririka. "Munanitikisa kama gunia ya muhogo!"

Kubeba kipoyi kuna adabu yake. Aliyechoka husema. Mwenzake huingiza bega chini ya mwanzi, hutamka "Nimekamata," na hapo tu yule wa kwanza hutoa lake. Mgonjwa hatuliwi chini, wala hahisi ni bega lipi limeondoka. Alimasi aliikataa adabu hiyo. Alikuwa mbele tangu nyumbani, na kila nilipomkaribia alinisukuma kwa kiwiko.

"Yaya, leta, mi nipokee," nikamwambia, maana ndivyo tulivyomwita kaka mkubwa.

"Wacha! Huyu ni bibi yangu."

Kwenye mteremko wa kuelekea kijito, magoti yake yakaanza kutetemeka. Mguu ukateleza, pembe moja ya kipoyi ikazama, na Riziki akapiga ukelele ambao haukuwa wa uchungu wa kuzaa. Nilidaka mwanzi kabla haujagonga jiwe. Hata hivyo Alimasi alijiinua, akaurudisha begani mwake.

Shangazi Nyassa akapita mbele, akasimama katikati ya njia.

"Alimasi, hapa hakuna anayeuliza bibi ni wa nani. Tunauliza bega. Iko na nguvu?"

Kaka yangu aliukumbatia mwanzi kwa mikono miwili.

"Mimi nilisema mbele ya bamama bote kwamba nimeshindwa. Weye ni mukubwa kuliko mimi?"

Mvua ilikuwa ikimtiririka Alimasi usoni, nasi tukajifanya kwamba ni mvua tu.

"Nimechoka, shangazi."

"Nimekamata," nikasema.

Alibaki kando ya njia, hajui mikono yake aiweke wapi. Ndipo Riziki akautoa mkono wake nje ya blanketi.

"Kuja huku. Tangu asubuhi naona mugongo yako tu."

Aliushika mkono huo mpaka Baraka. Wauguzi wakamgeuza mtoto, akazaliwa, akalia, sisi hatujamaliza hata kunawa matope miguuni.

Mwanangu, tangu siku ile nimewaona wengi wa namna ya Alimasi: baba anayeificha maradhi yake, mzee wa kanisa asiyeachia kiti. Wote husema wanashikilia kwa upendo, na huenda ni kweli. Lakini anayekuwa hatarini ni yule aliyebebwa. Basi ukichoka, sema ungali umesimama. Ukimwona mwenzako anatetemeka, usimcheke wala usimnyang'anye: tanguliza bega lako, kisha umwambie kwamba umeshika. Na mikono yako ikibaki mitupu usione haya, kwa maana huenda yupo aliyekuwa akiingojea.

Mungu akujalie bega imara, na siku litakapolegea akujalie ulimi wa kukiri. Na katika kila mteremko wako, asikose mtu wa kukuitikia.