Bahari Ilipofungwa Boito

Saa saba na dakika nne mchana, siku ya Jumatano, nilimaliza kulehemu waya wa spika ya redio ya mteja, nikaiwasha nisikie kama sauti imerudi. Ilikuwa imerudi. Mtangazaji alikuwa akisema kwa Kikalenjin kwamba bahari imefungwa, meli zinapigwa makombora, na chai ya Kenya haina njia tena. Kikapigwa king'ora, kile wanachokiweka kabla na baada ya habari kubwa, likafuata tangazo la mazishi, kisha matokeo ya mpira wa Uingereza. Mpira ulipewa muda mrefu zaidi.

Mimi hutengeneza redio, simu na taa za sola katika kibanda changu Kabianga, Kericho, si mbali na chuo kikuu. Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nimejisomesha kwa vitabu vikuukuu ninavyonunua kwa bei ya karatasi ya kufungia sukari, na nina desturi moja: swali nisilo na jibu lake huliandika ukutani kwa chaki, na silifuti mpaka niweze kumweleza jibu mtu mwingine. Mchana huo niliandika: bahari gani? Nikarudi kwenye kazi.

Kufikia jioni nilikuwa nimeisikia habari hiyo katika redio tatu tofauti zilizokuwa mezani, karibu kwa maneno yale yale, na hakuna iliyojibu swali la ukutani. Wateja ndio waliokuwa na majibu. Mmoja alisema ni bahari ya Mombasa. Mwingine, mchuuzi wa mbuzi aliyetoka soko la Siongiroi, alisema ni bahari zote, kwa sababu maji ya bahari ni kitu kimoja, ukifunga upande huu umefunga na ule. Alinieleza kwa mfano wa bwawa lake la ng'ombe.

Giza likiingia, dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka Boito, huko Bomet.

Dada ni mjane. Ana ekari moja ya chai ambayo yeye na marehemu mumewe waliipanda mche kwa mche, na ekari hiyo ndiyo inayomlisha. Mwaka uliotangulia alikuja mfanyabiashara mmoja wa kwao, mtu wa kanisa lao, akaomba akodishiwe michai hiyo kwa miaka sita: yeye achume, yeye apokee malipo ya kila mwezi na bonasi ambayo kiwanda hulipa mara moja kwa mwaka, dada abaki na nyumba na shamba la mboga. Dada alimkatalia, kwa kuwa michai ya kukodisha huchumwa bila huruma, na mwenyewe hurudishiwa vijiti. Sasa mtu huyo alikuwa amerudi. Aliahidi shilingi laki moja na elfu ishirini, taslimu, kwa miaka yote sita, na alikuwa aje Jumamosi asubuhi na mashahidi ili dada atie sahihi.

Nikamwambia asitie sahihi. Akaniuliza sababu.

"Wewe unajua vizuri," akasema. "Lori likikosa kuja siku moja, tunamwaga majani. Sasa meli imekosa njia, sijui ni mwezi, sijui ni mwaka. Nani atanunua kitu kilichooza?"

Ambaye hakukulia kwenye chai huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Jani likishachumwa lina saa chache tu. Mwezi wa tano, miezi miwili tu kabla ya simu hiyo, mvua ilikuwa imekata barabara ya kwao, lori la kiwanda likakwama matopeni, na kina mama wakangoja kwenye kituo cha kununulia majani mpaka usiku. Asubuhi magunia yalikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni. Majani yalikuwa yamegeuka mekundu na kunuka kama nyasi zilizovundikwa. Waliyamwaga kando ya barabara, kilo kwa kilo, kazi ya siku nzima. Kwetu kuchelewa na kuoza ni jambo moja, na mtoto hulijua hilo kabla hajajua kusoma. Mtangazaji aliposema njia imefungwa, hakuna aliyeona ramani. Sote tuliliona lori matopeni.

Dada akanikatia maneno. "Basi nitafutie sababu kabla ya Jumamosi. Isipokuwepo, nachukua pesa za watu wakati bado wanazo."

Alhamisi nilinunua gazeti. Ukurasa wa kwanza na kurasa kadhaa zilizofuata zilikuwa za wanasiasa wawili waliokuwa wakigombana juu ya nani alimtukana nani kwenye mazishi. Habari ya bahari niliikuta karibu na mwisho, juu ya fumbo la maneno, aya nne, bila ramani. Ilinipa jambo moja la maana, nami nalishukuru: mahali penyewe ni mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Nikalifuta swali la kwanza ukutani na kuandika la pili: chai yetu hupita huko?

Siku hiyo hiyo video ikazunguka kwenye simu za watu. Meli inawaka moto, moshi mweusi, na mwanamume analia kwa Kiswahili kwamba hiyo ni chai yetu inaungua. Niliitazama mara nyingi kuliko ilivyostahili. Meli ile haikuwa imebeba makasha, ilikuwa ya kubeba mafuta, na sauti ilikuwa imebandikwa juu yake baadaye. Mtu wa kazi yangu huisikia mibandiko ya namna hiyo. Lakini nilipomwonyesha jirani yangu muuza viatu, alisema moto ni moto.

Nikaamua kupiga simu redioni penyewe. Kulikuwa na kipindi cha mchana cha wasikilizaji, na baada ya kungoja sana nikapata laini. Nikajitambulisha, nikamuuliza mtangazaji kwa heshima: chai inayotoka Kericho na Bomet huuzwa nchi gani zaidi, na meli za kwenda huko hupita Bahari ya Shamu?

"Ahsante sana fundi wetu wa Kabianga kwa swali zito," akasema mtangazaji. "Na unawasalimu akina nani?"

Nikashikwa bila kutarajia. Nikamsalimu dada yangu wa Boito. Muziki ukapigwa.

Ijumaa mchana jibu likaja kuchukua redio yake. Alikuwa mama mmoja mwenye asili ya upande wa ziwa, karani katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai, na kazi yake ni karatasi za shehena zinazoteremka Mombasa. Redio yake ilikuwa tayari tangu Jumanne. Alisoma swali la ukutani akacheka, akauliza kama siku hizi nalehemu na bahari pia. Nikamweleza habari ya dada, ekari na Jumamosi. Akaacha kucheka. Akaniuliza kama nina ramani.

Ninayo atlasi ya shule isiyo na jalada. Akaifungua kwenye meza, akasukuma koleo na bisibisi kando, akaweka kidole Mombasa.

"Mnunuzi wetu mkubwa ni Pakistani. Bandari yao iko hapa, Karachi." Akakivuta kidole juu ya Bahari ya Hindi, moja kwa moja. Kisha akakipeleka kwenye mlango mwembamba wa Bahari ya Shamu. "Na vita viko hapa. Sasa niambie, meli ya Karachi inapita hapo kufanya nini?"

Chai ya Misri, akasema, hiyo kweli hupita pale, na ina shida. Ya Ulaya inazungukia chini, Afrika Kusini. Inachelewa, mafuta ya meli yanaongezeka, na bei inaweza kuguswa. Hakunificha hilo. Ndipo nikamuuliza nililokuwa nikiliogopa zaidi: hiyo inayozunguka, si itaoza?

Akanitazama kana kwamba nimeuliza iwapo misumari huoza.

"Fundi, hayo si majani. Hiyo ni chai, imekaushwa, iko kwenye mifuko ya karatasi nzito. Isipopata maji, itangoja kuliko wewe."

Nilikaa kwenye kigoda changu. Nilikuwa nikijua jinsi kiwanda kinavyofanya kazi. Nilishawahi kuwaeleza wengine kunyausha, kusaga na kukausha. Lakini kwa siku mbili nilikuwa nimetembea na mzigo wa majani mabichi kichwani, yakioza katikati ya bahari, na ukweli nilioujua haukunisaidia kwa kuwa hakuna aliyenikumbusha mahali pa kuuweka. Nilikataa kuchukua malipo ya redio. Akayaacha mezani akaenda zake.

Jumamosi nilifika Boito ukungu ukiwa bado chini. Chini ya shamba la dada, jirani yake alikuwa ameng'oa sehemu ya michai yake, visiki vikiwa vimelala mizizi juu, na miche ya mikaratusi imepangwa kando. Nikaharakisha.

Dada alikuwa ameteleka maziwa ya chai jikoni. Alinipokea kwa furaha ambayo sikuitegemea.

"Nilikusikia redioni," akasema. "Majirani wote walikusikia. Kumbe siku hizi unajulikana."

Nikafungua atlasi. Nikamwonyesha Mombasa, Karachi na ule mlango mwembamba. Alitazama kwa adabu, jinsi mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua. Akasema bahari kwenye karatasi ni ndogo, ile yenyewe hajaiona, mimi pia sijaiona, na lori analolijua limeshindwa na barabara ya hapo karibu. Hapo hakukosea. Nilimwona amekwisha kukata shauri, na mwenye pesa alikuwa njiani.

Akainua mkono kwenye rafu, akashusha mkebe, akachota majani ya chai na kuyatia kwenye maziwa yaliyokuwa yakichemka. Nikauona mkebe ule kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Dada, hayo majani umeyapata lini?"

"Haya? Si yale tuliyouziwa kiwandani kabla ya Krismasi."

"Na huu ni mwezi wa saba. Hayajaoza?"

Akausogeza mkebe puani, akanusa. Akatia vidole ndani, akayafikicha. Aliendelea kuyafikicha mpaka maziwa yakafurika na kumwagikia moto. Alipoyaepua alikuwa akicheka, kwanza polepole, kisha kwa mabega yote, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Siku tatu nzima naomboleza marehemu," akasema, "kumbe yuko kwenye mkebe wangu, mzima."

Hapo ndipo alipoivuta atlasi mwenyewe na kuniambia nirudie tena pale pa Karachi.

Mfanyabiashara alikuja na mashahidi wawili, na bahasha ya kaki mfukoni. Dada aliwakaribisha, akawatilia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akawauliza habari za nyumbani na za ng'ombe. Hakuna aliyeharakisha. Hatimaye mgeni akaingia kwenye neno lake: mambo ya dunia ni mabaya, bahari imefungwa, yeye anataka tu kumsaidia mama wa kanisa lao asikose kabisa.

"Kwa hivyo chai imekufa, kijana wangu?" dada akauliza.

"Imekufa, mama. Si hata redio imesema."

"Sasa wewe unataka kulinda maiti miaka sita ya nini?"

Shahidi mmoja, mzee wa kanisa, alipaliwa na mursik ikabidi apigwe mgongoni. Mfanyabiashara mwenyewe alitabasamu, akaangalia kikombe chake, akasema mama amemshinda. Aliongeza kwamba biashara ni kubahatisha, na kwamba yeye alisikia redio ile ile tuliyoisikia sisi. Huenda. Sikumhesabu kuwa mwizi. Alijua jambo moja tu ambalo sisi hatukulijua, kwamba hofu hushusha bei lakini haikai sana, na aliharakisha kukodisha wakati bado iko juu. Wiki ile alikuwa amekodisha mashamba ya watu wengine wawili. Walikuwa wameshatia sahihi, na sikuwa na cha kuwafanyia.

Bahasha ilirudi mfukoni. Walipoondoka, dada aliosha vikombe akiimba wimbo wa kanisa, nami nililala kwenye kochi lake nusu ya mchana, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Jumatano.

Nilizisikiliza redio zote zilizopita mezani kwangu miezi iliyofuata. Hakuna iliyosema kwamba chai ilikuwa ikiuzwa wakati wote. Wanasiasa wale wawili walipatana, wakagombana upya, na bahari haikutajwa tena. Haikufunguliwa wala haikufungwa, ilisahauliwa tu. Wa kuieleza Boito alikuwa dada. Kwenye kituo cha majani, lori likichelewa, kina mama walimtania kwa kumwita Mama Meli, naye aliwajibu kwa habari za Karachi na za mkebe, na nasikia jirani yake aliacha kung'oa, akaipanda ile mikaratusi kwenye mpaka.

Bei iliguswa, kama karani alivyosema, lakini kidogo. Bonasi ya mwezi wa kumi ilipoingia, dada alinipigia simu kabla hajamwambia mtu mwingine, akanisomea ujumbe wa benki tarakimu kwa tarakimu: elfu sabini na nne na mia nane. Malipo ya kila mwezi siyahesabu, maana yaliishia kwa wachumaji na mbolea. Kwa makubaliano yale ya bahasha, mwaka huo ungekuwa umempa elfu ishirini. Alichookoa, kwa mwaka wa kwanza peke yake, ni shilingi elfu hamsini na nne na mia nane.